Kiambatisho cha Jalada la Daraja

Ilianza na tempe ya kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na niambieni nyie, nani amewahi kuogopa tempe?

Saa nne asubuhi, saa ambayo watumishi wa serikali pale Karangwulan hushuka ngazi eti kunyoosha miguu, Bu Wuryani, yaani Mama Wuryani, alivuka barabara hadi kwa Bu Painem, mama wa vitafunio vya kukaanga aliyeweka meza yake mkabala na lango la Ofisi ya Ukaguzi. Akachagua tempe zilizotoka motoni na pilipili mbichi za kutafunia. Painem akazifunga kwenye karatasi kuukuu, kama anavyofunga kila kitu. Wuryani alikula palepale amesimama, akajipangusa mdomo, na alipotaka kuitupa karatasi akaona mhuri wa zambarau wa ofisi yake mwenyewe, umelowa mafuta.

"He! Bu Painem, siku hizi unauza ripoti za ukaguzi na pilipili juu?"

"Mimi nauza tempe, hizo ripoti ni nyongeza," Painem akacheka. "Karatasi zenu nzuri, Bu. Nzito, hazivujishi. Mkisafisha chumba kingine mnikumbuke."

Wakacheka wote wawili. Katika mji ule hakuna la ajabu hapo. Mitihani ya shule, hukumu za mahakama, barua za mapenzi, mwisho wa kila karatasi Karangwulan ni kufungia vitafunio, na mtu anaweza kula ndizi ya kukaanga juu ya talaka ya jirani yake asijue. Wuryani akaikunjakunja ile karatasi, akaitupa kwenye ndoo ya taka ya Painem kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kazini.

Mchana alikwenda kufungua masjala ya zamani, maana fundi alikuwa anakuja kupima ukuta. Chumba kilikuwa kitupu, rafu za chuma zimebaki mifupa. Kwenye rafu ya katikati palikuwa na karatasi moja. Imenyooshwa, pembe zimelala sawasawa, kama iliyopigwa pasi. Katikati ina doa la mafuta, na pembeni kikonyo cha pilipili kimegandia, kimetafunwa upande mmoja kama anavyotafuna yeye. Chumba kizima kilinuka kafuri, ile ya kufukuzia nondo, ile ile wanayowatia maiti.

"Nani huyu mwenye utani wa kipumbavu?" alisema kwa sauti. Akaufunga mlango haraka kuliko alivyoufungua.

Ngoja niseme chumba kile kilifikaje kuwa kitupu, maana kosa lilianzia hapo. Mwezi mmoja nyuma kilikuwa kimejaa majalada ya ukaguzi hadi darini. Kisha bosi wao, Pak Hendarto, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya mbuzi anayechinjwa, akaona ofisi haiwezi kuendelea bila chumba cha karaoke. Alimfuata Wuryani, mkuu wa masjala, akamkuta katikati ya rafu.

"Bu, haya makaratasi yanakaa hapa mpaka lini? Mpaka Kiyama?"

"Miaka kumi, Pak. Tangu siku hoja ya mwisho ya wakaguzi inapofungwa."

"Na hili ndilo jipya kuliko yote?" Akapiga kofi jalada nene la daraja la Kalisembur.

"Hilo bado, Pak. Daraja liliripotiwa limejengwa, wakaguzi wakaenda wakakuta mto na kamba. Mjenzi kafa, aliyesaini kafa, hoja iko wazi mpaka leo. Kisheria miaka yake kumi haijaanza hata siku moja."

"Mimi nauliza tarehe ya kwenye jalada."

"Hiyo imepita zamani, lakini..."

"Imepita, imepita. Mnavyopenda kung'ang'ania vumbi nyie! Tia sahihi hapa, nyaraka zimemaliza muda."

Wuryani alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Lakini simu yake ililia wakati uleule. Ni mkwewe, Yitno, fundi pikipiki, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa: chupa ya uzazi ya Lintang imepasuka, wako hospitali, wodi ya pili kushoto. Lintang alikuwa mwanawe wa pekee, na mimba zake mbili zilizotangulia hazikufika. Wuryani alichomoa karatasi moja juu ya jalada la Kalisembur, akaandika wodi nyuma yake, akaitumbukiza mkobani. Mkono uleule ukatia sahihi kwenye hati ya uteketezaji. Hakuhesabu. Alitaka tu kuondoka.

Hati ilisema nyaraka zitasagwa mbele ya mashahidi. Hendarto akamwita mnunuzi wa karatasi chakavu, wakapakia kwenye gari, na mashahidi wakasaini wakiwa kwenye kantini. Jioni ileile Laras alizaliwa, mzima, analia hadi wodi ya tatu.

Haya, turudi kwenye rafu.

Kesho yake karatasi zilikuwa nyingi. Keshokutwa rafu ilijaa nusu. Zilikuja zimenyooshwa, zimepangwa kwa namba, na kila moja ina alama za nyumba ilikotoka: mchuzi wa karanga, mwiba wa samaki, unywele mrefu mweupe, alama ya kidole kidogo cha mtoto aliyeshika sambal ya pilipili. Wuryani alifikiri kwanza ni utani wa vijana wa idara ya mipango. Kisha akawaza, vijana gani wanaoweza kwenda kupekua mapipa ya mji mzima ili kumfanyia mzaha mama wa makamo?

Painem naye hakucheka tena.

"Bu, niambie ukweli," alinong'ona, mwiko umesimama juu ya karai. "Mmekuja kuzichukua karatasi? Naziweka usiku chini ya jiwe, asubuhi jiwe liko, karatasi hakuna. Na wateja wangu wanalalamika. Yule mwalimu wa dini anasema magharibi kuna kitu kilikuwa jikoni kwake. Hakikuiba kitu. Kinafunua funua tu. Anasikia mtu analamba kidole, halafu karatasi inageuzwa. Analamba, anageuza."

"Panya," alisema Wuryani.

"Panya analamba kidole?"

Hendarto hakutaka kusikia habari hizo. Aliagiza zile karatasi zitupwe, akaleta spika mbili na televisheni, akazindua chumba Ijumaa, siku ya ofisi nzima kufanya mazoezi ya viungo. Akashika kipaza sauti. Muziki ulipoanza, kilichotoka kwenye spika ni sauti ya ulimi unaolowesha kidole, kubwa, ya karibu, mate yanasikika, kisha karatasi, kisha mhuri unaogongwa mezani, ta! Bosi aliachia kipaza sauti kikaanguka, akatoka mbio, mguu mmoja una soksi tu, na tangu siku hiyo akawa ana kikao nje ya ofisi kila siku. Alichosema kwa wengine ni kwamba umeme wa jengo ni mbovu.

Karatasi zilizotupwa zilirudi, rafu zikajaa. Wuryani alizipitia zote mchana mmoja, mlango wazi, akisoma Ayat al-Kursi kwa kigugumizi. Kila jalada lilikuwa kamili. Moja tu lilikuwa na pengo la karatasi moja, upana wa ukucha, na lilikuwa limetolewa mbele kidogo ya mengine kama jino linalotikisika. La Kalisembur.

Alipofika nyumbani Lintang alimpokea mlangoni na mtoto kifuani, macho yamemtoka.

"Mama, hanyonyi. Tangu mchana hanyonyi. Na mnuse kichwani."

Wuryani aliinama. Kichwa cha mtoto mchanga kina harufu yake, kila bibi anaijua. Cha Laras kilinuka kafuri.

Waliingia ndani. Nje, upande wa kulia wa mlango, taa ndogo ilikuwa inawaka chini ya kapu lililopinduliwa, pale Yitno alipomzika yule wanayemwita mdogo wake mtoto siku ya kuzaliwa. Maana kwao kondo la nyuma si uchafu wa kutupwa, ni ndugu aliyekuja na mtoto, huoshwa, huwekwa kwenye chungu, huzikwa na baba na kuwashiwa taa. Azana ya magharibi ikaanza kulia mbali, mvua ikiwa haijanyesha lakini haitaki kuondoka, na Wuryani akiwa ameketi kitandani na binti yake, bega kwa bega, wakasikia nje, pale penye taa, pale chini kabisa usawa wa udongo, ulimi ukilowesha kidole taratibu, kidole kikigeuza kitu kizito kilicholowa, kikisimama kana kwamba kimesoma, kikilowesha tena, kikigeuza tena, na kila kilipogeuza Laras alijikunja mikononi mwa mama yake kama anayefinywa, hakulia, na hilo la kutolia ndilo lililowatoa jasho, mpaka sauti ikaacha kugeuza na ikagonga mara moja, ta, na taa chini ya kapu ikazimika.

"Mama," Lintang alinong'ona. "Angalia mguu."

Kwenye unyayo wa mtoto, mdogo kama jani la mkwaju, palikuwa na duara la zambarau. Walilisugua kwa mafuta ya nazi. Halikutoka.

Yote yalimjia Wuryani kwa pamoja: Yitno hospitalini ameshika chungu, anasema, "Mama, una karatasi? Wazee wanasema aandikiwe herufi, awekewe na penseli, aje awe na akili." Na yeye, bibi mwenye furaha kuliko wote duniani, akifungua mkoba, akampa ile karatasi ya Kalisembur. Kila mzazi wa pale hufanya hivyo, huweka karatasi na sindano na uzi na chumvi. Lakini nani mwingine aliwahi kumwekea mjukuu wake hoja ya serikali iliyo wazi?

"Yitno," Wuryani alisema, mkwewe aliporudi, na sauti yake haikuwa yake. "Ile karatasi ya kwenye chungu. Lazima tuifukue."

"Mama umerukwa na akili? Kumfukua ndugu yake! Mtoto si atakufa?"

"Mtoto hanyonyi, Yit! Unataka nini zaidi?"

Walibishana hadi sauti zikawakauka. Alfajiri, baada ya sala, Yitno alichimba huku analia wazi, mwanamume mzima, akimwomba radhi yule aliyemzika. Chungu kilikuwa kizima, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa vilevile alivyokifunga yeye. Wakafungua. Sindano ilikuwamo. Uzi, penseli, chumvi, vyote vimo, vikavu. Karatasi haikuwamo. Na kondo halikuwamo.

Lintang alipiga ukelele uliowatoa majirani.

Wuryani hakusubiri chai. Alipanda ojek, pikipiki ya abiria, hadi ofisini, akafungua masjala, na jalada la Kalisembur halikuwa limejitokeza tena mbele. Lilikuwa limeingia mahali pake, limenenepa. Alilifungua kwa ncha ya kalamu. Ile karatasi ilikuwa imerudi, herufi za Yitno nyuma yake, na kilichoshonwa nayo kwa uzi wa masjala kilikuwa chembamba, kikavu, cha rangi ya damu kuukuu, kimebanwa bapa kama jani kwenye kitabu. Juu yake mhuri. Juu ya mhuri, mwandiko uliopinda wa zamani: Kiambatisho.

Alitapika kwenye ndoo ya kudekia.

Kiai Masruchan, shehe wa mtaa, alikuja nyumbani Ijumaa alasiri, baada ya sala, mvua ikipiga bati. Alikuwa mzee mkavu, mpole, asiyetoza mtu, na hakuwa mtu wa maigizo. Alimgusa mtoto paji la uso. Laras alikuwa baridi, anapumua juu juu, mdomo umekauka. Kiai akaomba maji, akaanza kusoma, na hakufika mbali. Yitno, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, aliinuka mgongo ukanyooka, akakunja mikono kama mtu aliye nyuma ya meza. Kijana yule hajawahi kufanya kazi ofisini maisha yake yote, kucha zake zina grisi hadi leo.

"Mnahitaji nini?" alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mzima, iliyochoka na wananchi.

"Nani wewe?" aliuliza Kiai.

"Mtunza kumbukumbu."

"Nani alikuweka?"

"Djumantoro, mkuu wa masjala wa zamani. Mchwa walikuwa wanammalizia majalada, na wezi wanamchomolea. Akaja na ubani, akanipa chumba na sharti. Linda mpaka muda utimie. Djumantoro kafa. Sharti halijafa."

"Karatasi zako zimerudi zote," Kiai alisema. "Hakuna aliyekudhulumu. Mwache huyu mtoto, toka."

"Zimerudi zote. Ya mwisho ilirudi na kiambatisho."

"Ni ndugu yake," Lintang alinong'ona, amembana mtoto kifuani. "Ni ndugu yake tu, jamani."

"Ndiyo," kilisema kinywa cha mume wake. "Mmoja yumo kwenye jalada, mwingine mnaye nyinyi. Nyaraka za shauri moja hazitenganishwi. Natakiwa kuzikusanya."

Kiai alipandisha sauti, akasoma, na nyumba ikaanza kunuka kafuri hadi macho yakawasha, Yitno jasho linamtiririka, viganja vyake vimeshika kingo za meza ambayo haikuwepo, mvua juu ya bati ikaacha kusikika kama mvua ikawa kurasa, maelfu ya kurasa zinageuzwa kwa pamoja, na katikati ya hayo yote pumzi ya mtoto ikawa inakwenda na kusita, inakwenda na kusita, Wuryani akiihesabu bila kutaka, akisubiri kila mara ile inayofuata, mpaka ikachelewa kuliko alivyoweza kuvumilia na akajikuta anapiga kelele.

"Kiambatisho kinakaa mpaka lini?"

Kurasa zikanyamaza. Kiai alimgeukia kwa mshtuko. Yitno naye akamgeukia, na machoni mwake hapakuwa na Yitno.

"Wewe ndiye uliyehesabu vibaya," ilisema ile sauti. "Hesabu sasa."

"Miaka kumi. Tangu hoja ifungwe."

"Ikitimia?"

Alilijua jibu, alikuwa amelisaini mara nyingi. "Vinateketezwa."

"Vyote kwa pamoja."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo haviguswi. Si kwa moto, si kwa maji, si kwa mchwa wala ugonjwa. Hakuna aliyewahi kupoteza kitu kwangu. Hoja ikiwa wazi, nalinda."

"Usizungumze naye, Bu!" Kiai alimshika mkono. "Huyu anakufanyia biashara. Niachie. Kwa uwezo wa Mungu namtoa."

"Na mtoto atapona?"

Mzee angeweza kudanganya, na labda angedanganya hadithi hii ingekuwa nyingine. "Uhai uko kwa Mungu, si kwangu. Ninachoweza kuahidi ni kusoma mpaka mwisho."

Wuryani alimtazama Laras, midomo imekuwa ya kijivu. Akamtazama binti yake, aliyekwisha kuzika wawili.

"Huyu ameahidi," alisema, akimwonyesha Yitno.

"Astaghfirullah."

"Acha kusoma, Kiai. Nakuomba. Acha."

Kiai Masruchan alifunga msahafu wake taratibu. Hakugusa chai, hakugusa keki. Mlangoni aligeuka, akatikisa kichwa, akaingia kwenye mvua bila mwavuli. Yitno alianguka kwenye mkeka akaanza kukoroma. Na Laras akafungua mdomo, akatafuta titi, akanyonya kwa pupa hadi maziwa yakamtoka puani.

Laras alikua. Na mtoto gani huyo! Surua iliingia mtaani ikampita. Dengi ililaza nyumba nzima, yeye akawa anaruka kamba uani. Siku moja alianguka kutoka kwenye pikipiki ya baba yake katikati ya barabara kuu, lori likasimama unyayo mmoja kutoka kichwani pake, akainuka akadai barafu yake iliyomwagika. Majirani walisema ana nyota. Kila usiku Lintang alimvalisha soksi, lile duara lisionekane.

Bibi yake alikataa kupandishwa cheo mara mbili. Wenzake wakamwona mjinga. Yeye alibaki palepale masjala, na kila mapitio ya hoja za zamani yalipofika mezani, alishuka kwenye orodha hadi Kalisembur, akaandika neno lilelile: bado, ili ile miaka kumi isianze kuhesabiwa. Ukutani nyuma yake kilisikika kidole kikiloweshwa, ukurasa ukigeuzwa, polepole, kwa kuridhika. Alikwisha kukizoea kama mtu anavyozoea feni mbovu. Hendarto alistaafu, akaja mwingine, na mpya naye hakupenda kuingia chumba kile.

Yote yangekuwa mepesi kama jalada lingekuwa la viti au la rangi ya kuta. Lakini lilikuwa la daraja. Mkoa ulikuwa tayari kujenga jingine, kweli kabisa, ila mkoa haujengi daraja la pili mahali ambapo la kwanza bado liko kwenye hoja. Ifungeni, walisema, nasi tunaleta chuma. Na watu wa Kalisembur wakaendelea kuvuka na kamba.

Bu Tumini ndiye aliyekuwa anatumwa na kijiji, kwa sababu hachoki na hana haya ya kuuliza. Alikuja mara ya kwanza na mtoto mgongoni kwenye mbeleko, msichana mnene mwenye jina la Gendis, aliyemtolea Wuryani ulimi.

"Bu, sisi hatutaki kumfunga mtu. Walioiba wameshakufa. Funga tu hoja, watoto wapite."

"Inahitaji maelezo ya kijiji, Mama Gendis. Yenye sahihi za wazee."

Akayaleta. Ikahitaji picha za mto. Akazileta, amembeba Gendis na mihogo ya zawadi. Ikahitaji ramani. Kila alipokuja mtoto alikuwa mzito zaidi, mwisho akawa anatembea mwenyewe, ameshika sketi ya mama yake, anakula biskuti kutoka kwenye droo ya Wuryani. Alikuwa na umri wa Laras. Wuryani alimnunulia viatu mara moja. Alijichukia siku ile, akaenda nyumbani akamkumbatia mjukuu wake hadi mtoto akalalamika.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa mbaya. Wuryani aliziona habari kwenye simu, jina la mto, maji ya rangi ya chai ya maziwa, akaizima simu kabla hajafika mwisho.

Tumini alikuja maji yalipopungua. Alikuja peke yake. Mbeleko ilikuwa imekunjwa begani.

"Nimeleta ile karatasi ya mwisho, Bu. Mkuu wa kijiji kasaini, wazee wote wamesaini, na ramani hii hapa. Safari hii hakikosekani kitu, nimehakikisha mwenyewe."

Wuryani alijua, lakini mdomo uliuliza. "Na Gendis?"

"Kamba ilikatika." Alisema hivyo tu, akaisogeza karatasi juu ya meza kwa vidole viwili. "Ninao wawili wengine, Bu. Wanavuka palepale, shule iko ng'ambo, nitafanyaje? Nifungie hii hoja. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kwa kulia, leo naomba kwa kulia."

Nyuma ya ukuta ukurasa haukugeuka. Kilichokuwa kinageuza kilikuwa kimesimama, kinasikiliza.

Wuryani aliisoma karatasi tangu juu hadi chini. Ilikuwa kamili. Machozi yalimdondoka juu ya meza, ya kweli kabisa, akayafuta kwa ukingo wa mtandio. Saa ile Laras alikuwa shuleni, somo la mazoezi, anakimbia.

"Pole sana, Mama Gendis," alisema. "Pole sana, Mungu anajua. Lakini hii sahihi ya mkuu wa kijiji haina mhuri. Bila mhuri haipokelewi."

Tumini akaikunja karatasi, akaifunga ndani ya mbeleko isilowe, akauliza Jumatatu ofisi inafunguliwa saa ngapi.